Likasi: Kijana anataka mashine ya masomo na ya michezo, mzazi afanye nini na dola zake?

Kompyuta ya mtumba iliyochaguliwa vizuri inaweza kuandika memwari, kufungua AutoCAD na kucheza mpira bila kuimaliza mifuko ya familia. Lakini delestaji, maandishi ya kuvutia kwenye kifuniko na haraka ya kununua vimewaponza wengi.

LIKASI – Mwaka wa masomo unapoanza, mazungumzo ni yale yale katika nyumba nyingi za Kikula, Panda, Shituru na katikati ya mji. Kijana amepata diploma ya Serikali, ameandikishwa chuo kikuu, na sasa anaomba mashine. Ndivyo wakaaji wa Katanga wanavyoiita kompyuta ya kubebeka. Mzazi anauliza bei. Kijana anataja bei. Kisha wote wananyamaza.

Kimya hicho kina sababu mbili. Ya kwanza ni pesa: katika familia nyingi, dola za mashine ni akiba ya miezi mingi, na zikipotea hazirudi mwaka huo. Ya pili ni mashaka. Mzazi anajua kwamba mashine itakayoandika kazi za chuo mchana ndiyo itakayocheza mpira na kuendesha magari ya GTA usiku. Anajiuliza kama ananunua kitabu au ananunua mchezo.

Ukweli ni kwamba ananunua vyote viwili. Akilikubali hilo tangu mwanzo, atachagua vizuri zaidi kuliko yule anayekataa kusikia habari za michezo, kisha akaletewa mashine iliyochaguliwa kwa siri kwa ajili ya michezo peke yake.

Si anasa tena

Kwa mwanafunzi wa leo, kukosa mashine ni gharama. Asiye nayo anaandika kwa mkono, kisha anapeleka karatasi zake kwenye kiosko cha burotiki, analipia kila ukurasa unaopigwa, na analipa tena kila profesa anapomrudishia kazi yenye masahihisho. Memwari ikipita mikono ya mwelekezi mara nne au tano, gharama hiyo inakuwa kubwa.

Tena mfumo mpya wa LMD, ulioanza kutumika katika vyuo vikuu vya Congo katika mwaka wa masomo 2021-2022, unamtaka mwanafunzi afanye kazi nyingi peke yake: kutafuta nyaraka, kuandika ripoti, kutayarisha maelezo ya kuonyesha mbele ya wenzake.

Likasi ina jambo lake la pekee. Ni mji wa migodi na viwanda, na vijana wengi wanaelekea uhandisi, jiolojia, umeme au madini. Fani hizo zina programu za kuchora na za kutengeneza ramani, kama AutoCAD, ambazo haziridhiki na mashine dhaifu. AutoCAD ya miaka hii inaomba RAM ya GB 8 kama kiwango cha chini. Kampuni ya Autodesk inawapa wanafunzi leseni ya bure, lakini leseni ya bure haina faida kama mashine inaganda kila mchoro unapofunguliwa.

Hapa ndipo masomo na michezo vinapokutana. Kinachoufanya mchezo uende vizuri, yaani prosesa ya kutosha, RAM ya kutosha, disku ya kasi na uwezo wa kuchora picha, ndicho kinachoufanya mchoro wa mgodi ufunguke bila kuchelewa. Kijana anayesema mashine ya michezo itamsaidia chuoni hasemi uongo wote. Vinaachana mahali pamoja tu, na mahali hapo panaijua sana Likasi: umeme.

Umeme uje kwanza

Likasi haiko mbali na mtambo wa Mwadingusha, uliojengwa kwenye mto Lufira na kuanza kazi mwaka 1930 ili kulisha viwanda vya shaba. Mtambo huo ulikarabatiwa na kurudishiwa uwezo wake wa megawati 78 mwaka 2021. Hata hivyo, mkaaji wa mji hahitaji kuelezwa delestaji ni nini. Kura inaondoka bila kuaga, na saa ya kurudi haijulikani.

Kwa hiyo swali la kwanza si mashine ina nguvu kiasi gani. Swali la kwanza ni mashine inakula umeme kiasi gani.

Mashine ya ofisi ya kawaida huja na chaja ya wati 65. Mwanafunzi akiwa anaandika tu, inakula takriban wati 10 hadi 15. Mashine ya michezo yenye kadi ya grafiki ya pekee huja na chaja ya wati 135, 150 au zaidi, na mchezo ukipamba moto inaweza kukaribia wati 100.

Tofauti hiyo inaonekana wazi kwa hesabu ndogo. Batri ya mashine yenye uwezo wa wati-saa 50, ikitumiwa kwa wati 10, inaweza kumfikisha mwanafunzi kwenye saa tano za kuandika. Batri hiyo hiyo, kwenye mashine inayokula wati 90 wakati wa mchezo, inaisha baada ya nusu saa hivi. Mpira haujafika hata dakika za nyongeza.

Walio na paneli ya jua nyumbani wafanye hesabu hiyo hiyo. Batri kubwa ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini mtu akitaka idumu asitumie zaidi ya nusu. Nusu hiyo, wati-saa 600, inaweza kuendesha mashine ya ofisi usiku mzima, balbu zikiwaka na simu zikichajiwa. Kwa mashine kubwa ya michezo ni saa chache tu, tena bila balbu.

Ndiyo maana kwa familia nyingi za Likasi mashine kubwa ya michezo si chaguo zuri, hata kama bei yake ingepungua. Ni kama kununua lori kwa ajili ya kwenda sokoni: linafika, lakini mafuta yake yatakumaliza.

Usisome "i7", soma namba inayofuata

Mtego wa kawaida zaidi dukani ni ile karatasi ndogo iliyobandikwa karibu na kibodi. Muuzaji anaonyesha neno "i7" na kusema, "Hii ni kali." Mnunuzi anaona saba ni kubwa kuliko tano, anatoa pesa.

Lakini i7 ya zamani ni dhaifu kuliko i5 ya karibuni. Kinachosema umri wa prosesa ni namba inayofuata baada ya kistari. Prosesa iitwayo i7-2620M ni ya kizazi cha pili. Ilitoka mwaka 2011 na ina viini viwili tu. Ile iitwayo i5-8250U ni ya kizazi cha nane. Ilitoka mwaka 2017 na ina viini vinne. Ya pili inaishinda ya kwanza kwa mbali, na inakula umeme kidogo zaidi. Namba ikianza na 10 au 11, kama i5-10210U au i5-1135G7, basi ni kizazi cha kumi au cha kumi na moja.

Kizazi cha nane ni mpaka wa kuushika kwa sababu nyingine pia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa muda mfupi wa nyongeza wa masahihisho ya usalama. Windows 11, kwa upande wa Intel, inazikubali rasmi prosesa kuanzia kizazi cha nane, na chache mno za kabla yake. Kwa prosesa za AMD zilizo ndani ya kompyuta za kubebeka, mstari salama ni Ryzen za mfululizo wa 3000, kama Ryzen 5 3500U, kwenda mbele.

Hiyo ndiyo sababu moja ya mashine za kizazi cha sita na cha saba kumwagwa sokoni kwa bei ya kuvutia. Hazijafa. Zinaweza kuandika na kusoma kwa miaka, hasa zikiwekewa Linux. Lakini anayenunua kwa ajili ya miaka mitatu au mitano ya chuo, na anataka michezo ya leo, atafute mbele ya mpaka huo.

Mtego wa pili unavaa nguo mpya: mashine ya dukani, bado ndani ya karatoni, yenye prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyochomelewa ndani. Inang'aa, ina harufu ya upya, na bei yake inakaribia ile ya mtumba mzuri. Lakini Windows na programu za ofisi zikishaingia, nafasi imekwisha, na hakuna cha kuongeza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mashine za aina hii hutembezwa sana.

RAM, disku na picha

Kwa RAM, GB 8 ni kiwango cha kuanzia na GB 16 ni raha. Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: mashine isiyo na kadi ya grafiki ya pekee huchora picha kwa kutumia RAM hiyo hiyo ya kawaida. Ikiwa na vipande viwili vya GB 4 au viwili vya GB 8, michezo huenda vizuri zaidi kuliko ikiwa na kipande kimoja cha ukubwa uleule, kwa sababu vipande viwili hupitisha data kwa njia mbili kwa pamoja.

Kwa hiyo uliza mashine ina nafasi ngapi za RAM na ngapi zinatumika. Tena, tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili bandia. Ule ushauri wa zamani wa kununua na GB 4 halafu kuongeza baadaye hauna tena faida uliyokuwa nayo. Mashine inayokuja na GB 16 tayari ndani ni afadhali.

Kwa disku, usikubali ile ya kuzunguka iwe ndiyo disku kuu. SSD ndiyo inayoifanya mashine ya mtumba ionekane mpya. GB 256 inatosha kwa masomo, lakini michezo ya leo ina tumbo kubwa: Counter-Strike 2 inaomba GB 85, EA Sports FC 24 inaomba GB 100, na GTA V peke yake inapita GB 70. Mchezaji mwenye GB 256 atachagua mchezo mmoja mkubwa kwa wakati mmoja, au atatafuta SSD ya GB 512.

Kwa picha, kuna ngazi tatu za kukumbuka. Chini kuna Intel UHD 620, iliyomo katika mashine nyingi za kizazi cha nane. Katikati kuna Vega ya AMD, iliyo ndani ya Ryzen 5 za mfululizo wa 3000, 4000 na 5000, pamoja na Iris Xe ya Intel kizazi cha 11. Juu kuna kadi za pekee za NVIDIA kama GTX 1650, zenye kumbukumbu yake yenyewe na njaa yake yenyewe ya umeme.

Mashine za kutafuta

Kampuni na ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache. Zile za zamani husafishwa, huuzwa kwa jumla, na baadhi huishia katika maduka ya Afrika. Hizi ndizo ambazo mnunuzi wa Likasi anapaswa kuzitafuta kwanza, iwe mjini au kwa kushuka hadi Lubumbashi, kilomita takriban 120 kwa barabara. Zilitengenezwa zivumilie kazi ya kila siku, vipuri vyake vinapatikana, na fundi anazifungua kwa bisibisi ya kawaida.

Lenovo ThinkPad T480 inastahili kutajwa ya kwanza kwa ajili ya delestaji. Ina batri mbili: ndogo ya ndani ya wati-saa 24, na nyingine ya nje inayoweza kufikia wati-saa 72. Ile ya nje inachomolewa na kubadilishwa mashine ikiwa bado inawaka. Mwenye batri mbili za nje anachaji moja mahali penye umeme huku anafanya kazi na nyingine. Ina pia nafasi mbili za RAM.

HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 ni za rika hilo hilo: kizazi cha nane na nafasi mbili za RAM. Kati ya hizi tatu, hali ya kila moja ni muhimu kuliko jina. EliteBook iliyotunzwa inaishinda ThinkPad iliyoanguka ngazini.

Kijana anayetia mkazo kwenye michezo, bila familia kulipia chaja kubwa, atafute zenye Ryzen: HP EliteBook 745 G6, ProBook 445 G7, au ThinkPad T495. Kwa umeme ule ule wa wati 65, Vega iliyo ndani yake inachora vizuri kuliko UHD 620. T495 ina sehemu ya RAM iliyochomelewa na nafasi moja tu ya kuongeza, kwa hiyo iangaliwe ina ngapi kabla ya kulipa.

Mashine zenye GTX 1650 ni za mwenye bajeti kubwa na umeme wa uhakika. Zikiwa mtumba zinahitaji uangalifu maradufu, kwa sababu mara nyingi zimepikwa na michezo kwa miaka: feni zimejaa vumbi, batri imechoka, bawaba zimelegea.

Itacheza nini?

Hapa mzazi na kijana wakae pamoja, maana ndipo ugomvi unapoanzia. Kijana aandike majina ya michezo anayoicheza kweli, si ile aliyoiona YouTube.

UHD 620 yenye vipande viwili vya RAM inacheza bila tatizo michezo ya zamani kama GTA San Andreas na matoleo ya zamani ya PES. Inacheza pia Minecraft, League of Legends na Valorant kwa mpangilio wa chini. GTA V inaenda kwa picha zilizopunguzwa. Counter-Strike 2 inaisumbua.

Vega na Iris Xe zinaipokea GTA V kwa utulivu zaidi, zinaicheza eFootball, na zinaimudu Counter-Strike 2 kwa mpangilio wa chini. EA Sports FC 24 ni hadithi nyingine: watengenezaji wake wanataja GTX 1050 Ti kama kiwango cha chini. Anayeutaka mchezo huo wa mpira na si mwingine, anataka mashine ya ngazi ya tatu, na familia ijue hivyo kabla ya kuhesabu pesa.

Habari njema ni kwamba eFootball, Counter-Strike 2, Valorant na League of Legends ni za bure. Habari mbaya ni megabaiti. Kupakua GB 85 kwa intaneti ya simu ni kuchoma pesa. Mwenye rafiki aliyekwisha kuupakua mchezo wa Steam anaweza kuyanakili mafaili yake kwa disku ya USB. Steam itayakagua na kupakua kilichopungua tu.

Tahadhari moja kuhusu disku hizo za kupeana: michezo iliyovunjwa kufuli, inayouzwa kwa bei ya soda, ni njia kuu ya virusi. Virusi havijui tofauti kati ya mchezo na memwari. Mwanafunzi aliyepoteza kurasa 60 wiki moja kabla ya kuzitetea amelipa bei kubwa kuliko mchezo wowote.

Nusu saa ya kupima dukani

Mnunuzi mzuri hapimi kwa macho. Muuzaji akikataa mashine isiwashwe na kupimwa, shukuru, aga, ondoka.

Kwanza, iwashe bila chaja. Mashine inayowaka ikiwa kwenye umeme tu haina batri, na batri ni pesa.

Pili, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua msimamizi wa kazi, kisha sehemu ya utendaji. Hapo utaona jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM, nafasi ngapi zinatumika na aina ya kadi ya grafiki. Usisome karatasi iliyobandikwa nje, kwa maana gamu haigharimu kitu.

Tatu, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza ripoti inayoonyesha uwezo wa batri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa leo inabeba chini ya asilimia 60 ya ule wa mwanzo, hesabu bei ya batri mpya na uitoe kwenye bei ya mashine.

Nne, njoo na flashi yenye programu ndogo ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Inaonyesha afya ya disku na saa ilizofanya kazi.

Tano, iunganishe na intaneti ya simu yako. Baadhi ya mashine zilizotoka kwenye kampuni bado zimefungwa: zikikutana na intaneti baada ya kuwekewa Windows upya, zinadai barua pepe ya kampuni iliyozimiliki. Zima na uwashe, uingie kwenye BIOS. Ikidai nywila asiyoijua muuzaji, iache.

Sita, andika. Mashine za Dubai na Marekani zina kibodi ya QWERTY, za Ufaransa na Ubelgiji zina AZERTY, na hata hizo mbili za mwisho hazifanani katika alama zote. Anayeandika Kifaransa kila siku apime herufi zenye alama kabla ya kulipa. Angalia pia chaja: iliyopitia Zambia au Tanzania huja na pini tatu nene zisizoingia katika soketi za Congo.

Saba, ipe kazi. Cheza video kwa dakika kumi, funga na ufungue skrini, sikiliza feni, gusa chini. Ikizima yenyewe kwa joto, usisubiri maelezo.

Mwisho, pata risiti yenye namba ya mashine na muda wa garanti ulioandikwa, hata kama ni wiki mbili. Na uende na noti safi: dola yenye mpasuko mdogo inaweza kukukwamisha hata baada ya bei kukubaliwa.

Mfano wa dola 300

Tuseme familia imekusanya dola 300. Kosa la kwanza ni kuzipeleka zote kwenye mashine. Bei hubadilika kwa duka na kwa msimu, lakini mgawanyo unaweza kuwa huu: hadi dola 240 kwa mashine ya kizazi cha nane au ya Ryzen, yenye RAM ya GB 8 katika vipande viwili na SSD ya GB 256. Dola 25 kwa stabilizatere, maana umeme unaporudi baada ya delestaji huja na kishindo. Dola 15 kwa mfuko wa kubebea wenye sponji. Dola 20 zibaki kwa fundi wa kusafisha feni na kubadilisha pasta ya prosesa, kazi inayofaa kurudiwa kila kiangazi kinapomaliza kumwaga vumbi lake.

Mwenye dola 200 asikope ili kufikia 300. Ashike kizazi cha nane na SSD, akubali mikwaruzo kwenye kifuniko, na asamehe skrini ndogo. Asiisamehe batri mbovu.

Mwenye dola 600 ndiye mwenye mtihani mgumu kuliko wote, kwa sababu muuzaji atamwonyesha mashine ya michezo yenye taa nyekundu kwenye kibodi. Ajiulize swali moja: nyumbani kuna umeme saa ngapi kwa siku? Ikiwa jibu halijulikani, dola 350 za mashine ya Ryzen na zilizobaki za paneli na batri zitamtumikia kijana, na nyumba nzima, kuliko taa nyekundu.

Masharti ya nyumbani

Mashine ikishafika, bado kuna mapatano ya kufanya. Chaji ya usiku wa delestaji iwe ya masomo kwanza. Mchezo ungoje umeme wa ukuta. Nakala ya kazi za chuo ikae pia kwenye flashi na kwenye barua pepe. Mvua ya radi ikianza, chaja itoke ukutani. Na mashine isiwekwe juu ya godoro wakati wa mchezo, kwa sababu blanketi linaziba pumzi yake.

Mzazi naye asimwone mchezaji kama mtu aliyepotea. Wengi waliojifunza kufungua mashine, kubadilisha RAM na kutafuta hitilafu walianza kwa kutaka mchezo fulani uende vizuri. Ujuzi huo una soko katika mji wa viwanda.

Likasi inaijua biashara hii kutoka upande mwingine. Congo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya koboti inayochimbwa duniani, na sehemu ya madini hayo imepita Shituru kwa miongo mingi. Batri za kompyuta na za simu hutengenezwa kwa kawaida kwa litiamu na koboti. Kwa hiyo kitu kilichotoka katika ardhi ya Katanga huzunguka dunia, hukaa miaka minne mezani pa ofisi ya mbali, kisha hurudi Likasi ndani ya mfuko wa muuzaji wa mtumba, kikiwa kimechoka kidogo na kina bei.

Lakini mji huu una pia karakana za Panda, ambako vizazi vya mafundi vimejifunza kwamba injini haihukumiwi kwa rangi yake. Unaiwasha, unaisikiliza, unaifungua, ndipo unasema bei. Kijana na mzazi wake wakiingia dukani na desturi hiyo, dola zao ziko salama.